Waandishi chipukizi wanahitaji kalamu nyekundu kuliko makofi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wale wenye hadithi au mashairi kabatini, vijana kwa wazee, ambao kila wakikutana na mtu wa vitabu huuliza: nitajuaje kama naweza kuwa mwandishi? Jibu wanalopewa kwenye makongamano, madarasani na kwenye makundi ya simu karibu siku zote ni lile lile. Jiamini. Usikate tamaa. Unaweza.

Kazi yetu ni kuhariri miswada ya Kiswahili, na jibu hilo linatusikitisha. Mtu hajiamini kwa kuambiwa ajiamini. Hujiamini akishaimaliza kazi, akaipeleka kwa wasomaji, akaonyeshwa palipopwaya, akapashona upya kwa mkono wake na kupaona pamekaa. Sifa za jumla jumla humwacha pale pale alipo, na wengine huwaponza kabisa: hukimbilia kwa mpiga chapa na akiba yao yote wakati muswada haujasomwa na mtu yeyote mwenye jicho kali. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Tuanze na kumaliza, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Miswada mingi ya riwaya hufia kati ya sura ya tatu na ya tano. Sura za mwanzo husukumwa na joto la wazo. Joto likipoa, mwandishi hajui anakokwenda, anarudi kuipamba sura ya kwanza kwa mara ya kumi. Kinga yake ni kuandika aya moja kabla ya yote: nani anataka nini, kipi kinamzuia, na mwisho anakipata au anakikosa. Aya hiyo ikigoma kuandikika, hadithi haijaiva, na ni afadhali kuligundua hilo siku ya kwanza kuliko kwenye ukurasa wa 60.

Baada ya hapo ni hesabu tu. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 1,500. Riwaya fupi ya maneno 40,000 inakamilika kwa wiki 27, yaani miezi sita na siku kidogo. Maneno 300 ni kama ukurasa mmoja na nusu wa daftari kwa mwandiko wa kawaida, kazi ya saa moja kabla watoto hawajaamka. Anayejipangia maneno 2,000 kwa siku huandika siku nne, ya tano anaumwa au ana msiba, ya sita anajiona ameshindwa. Kipimo kidogo kinachotimia kinamjenga mwandishi kuliko kikubwa kinachomwaibisha mbele ya nafsi yake. Na akiacha kwa siku hiyo, aache pale anapojua kinachofuata, asiache pale alipokwama. Kesho yake kalamu itakuwa na pa kuanzia.

Anayeandika kwa mkono aandike ukurasa wa kulia tu, wa kushoto abakishe mtupu kwa masahihisho. Daftari likijaa alipige picha kwa simu, kila ukurasa, maana madaftari huloa na huliwa na mchwa. Kazi ikipelekwa steshenari kuchapwa, ailinganishe na daftari mstari kwa mstari, kwa sababu mchapaji mwenye haraka huruka mistari na hubadili maneno asiyoyajua. Flashi peke yake si hifadhi. Faili litumwe kwenye barua pepe ya mwandishi mwenyewe kila mwisho wa wiki, likiwa na tarehe kwenye jina lake.

Sasa tuje kwenye kalamu nyekundu yenyewe. Hii hapa ni sentensi tuliyoitunga kwa mfano, ila sentensi za sampuli hii zimo karibu katika kila muswada wa kwanza:

"Asubuhi na mapema siku ya Jumatatu, Zuhura aliamka akiwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwani mume wake ambaye alikuwa anampenda sana alikuwa hajarudi nyumbani tangu siku ya Ijumaa iliyopita."

Maneno 30. Sarufi haina kosa la kumfelisha mtu mtihani, lakini sentensi imelala. "Siku ya" imetumika mara mbili pasipo kazi, kwa kuwa Jumatatu haiwezi kuwa kitu kingine. Huzuni haikai mahali pengine ila moyoni. "Sana" mbili zinapunguza nguvu badala ya kuiongeza. "Ambaye alikuwa anampenda" haitwambii nani anampenda nani. Kubwa kuliko yote, mwandishi ametutangazia huzuni bila kutuonyesha kitu hata kimoja cha kuiona. Mhariri angemuuliza: nyumbani kwa Zuhura asubuhi hiyo kuna nini ambacho siku nyingine hakipo? Jibu lingeweza kuwa hili:

"Jumatatu alfajiri Zuhura alibeba ndoo yake ya maji kwenda bafuni. Ile ya mumewe ilikuwa bado imejaa tangu Ijumaa."

Maneno 18. Neno huzuni halimo, na hakuna msomaji atakayeikosa. Mwandishi akifanyiwa zoezi hili kwenye kurasa tano za kazi yake mwenyewe, ya sita ataifanya bila kuelekezwa. Huo ndio mwongozo tunaousemea, na ndiyo maana hatuamini semina ya siku nzima ambayo hakuna ukurasa hata mmoja wa mshiriki uliosomwa.

Upande wa lugha, makosa yanayotuchosha ni machache na yanajirudia. Mahali na mahari, kula na kura, thamani na samani, dhana na zana: haya yote ni maneno halali, kwa hiyo kompyuta haiyakamati. "Alitoa mahali ya ng'ombe kumi" itapita salama mpaka kwenye kitabu kilichofungwa gundi. Anayejijua matamshi ya nyumbani kwao yanachanganya l na r, au dh na z, aorodheshe maneno yake kumi au kumi na tano yanayomsumbua na kuyasaka moja moja katika faili zima, kamusi ikiwa pembeni. Ngeli nazo: "gari yangu" kinywani mwa kondakta ni sawa, ndivyo anavyosema; ikiandikwa na msimulizi anayetumia Kiswahili sanifu kurasa zote nyingine, ni kosa. Lahaja na lugha ya mtaani ziachwe zitambe kwenye mazungumzo ya wahusika. Msomaji wa Mombasa akimsikia mhusika wa Mombasa anaongea kama mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam, atakifunga kitabu.

Muswada ukiisha, upumzishwe wiki tatu au nne bila kuguswa, kisha usomwe kwa sauti, wote. Ulimi hukwaa pale ambapo jicho lilipita. Halafu utafutiwe wasomaji watatu. Mmoja awe wa rika la wale unaowaandikia. Mmoja ajue Kiswahili barabara, mathalani mwalimu wa somo hilo. Wa tatu asiwe ndugu wala rafiki wa karibu. Mama mzazi atasema ni kizuri, na ana haki ya kusema hivyo. Wape kurasa 30 za kwanza zilizochapwa kwenye karatasi, na wiki mbili. Usiwaulize kama kimewapendeza. Waulize: ulisimama wapi ukaenda kufanya jambo jingine? Mhusika gani ulimchanganya na mwenzake? Ukurasa gani ulitamani kuuruka? Kipi hukukiamini? Wakijibu, andika na unyamaze. Ukianza kueleza ulichokusudia, wataacha kusema kweli. Wawili wakipaonyesha mahali pamoja, pana tatizo hata kama dawa wanayoipendekeza siyo. Akipasema mmoja tu, pima mwenyewe.

Wengi hawafiki hatua hii kwa kuogopa kuibiwa. Tunaielewa hofu hiyo, lakini imeua kazi nyingi kuliko wezi walivyoiba. Mficha uchi hazai. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya hakimiliki, Namba 7 ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, hata kabla ya kusajiliwa, na ulinzi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kinacholindwa ni maneno na mpangilio wako. Wazo tupu, kwa mfano mwanamke anayemsubiri mume asiyerudi, ni la kila mtu. Anayetaka ushahidi zaidi asajili kwenye ofisi ya hakimiliki ya kwao: Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar COSOZA, Kenya KECOBO. Na ile barua pepe yenye faili na tarehe, tuliyoitaja juu, nayo ni ushahidi.

Washairi wana njia yao, na kwa upande mmoja wana bahati, kwa kuwa arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, humwonyesha mtu kosa lake bila upendeleo. Chukua mshororo huu tulioutunga kwa mfano: "Kalamu nimeishika, maneno sijayaona." Ka-la-mu-ni-me-i-shi-ka, mizani (silabi) nane, ma-ne-no-si-ja-ya-o-na, nane. Ukiandika "kalamu nimeishikilia" umefika kumi, na shairi linachechemea hata kwa asiyejua kuhesabu. Panapowapotosha wengi ni kwenye m na n. "Mtoto" ni mizani tatu, m-to-to, kwa kuwa m hiyo inasimama peke yake. "Nyumba" ni mbili, nyu-mba. "Nchi" ni mbili, "mbona" ni mbili. Kijana anayehesabu kwa kutazama herufi badala ya kusikiliza sauti atakosea kila ubeti na kudhani kipaji hana, wakati anachokosa ni somo la nusu saa. Anayeandika mashairi huru asidhani amesamehewa: akivunja mstari mahali, awe na sababu ya kuuvunja pale.

Tufike kwenye kuchapisha. Kuna watu wawili ambao majina yao yanafanana na kazi zao hazifanani. Mchapishaji huusoma muswada, akiukubali huuhariri, huusanifu, huugharimia, huuza, na humlipa mwandishi mrabaha, yaani fungu lake katika kila nakala inayouzwa. Mpiga chapa hupokea fedha na faili, akakurudishia maboksi ya vitabu. Wote wawili ni watu wa heshima. Shida huja anapotokea wa tatu anayejiita mchapishaji, anayesifu muswada ndani ya siku mbili na kutaka malipo kabla ya kuhariri hata mstari. Mtu huyo ni mpiga chapa mwenye bei ya juu, na mara nyingi mkataba wake unachukua haki zote za kazi.

Kwa mchapishaji peleka barua ya nusu ukurasa, muhtasari wa ukurasa mmoja na sura tatu za kwanza, isipokuwa kama ametaka muswada wote. Chapa kwenye A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zikiwa na namba. Muhtasari useme mwisho wa hadithi. Wengi huuficha na kuandika "je, atafanikiwa?" kana kwamba wanamtangazia mnunuzi, ilhali mchapishaji anataka kujua kama unajua kufunga ulichokifungua. Kabla ya kutuma, nenda dukani utazame rafu: nyumba nyingi za uchapishaji Tanzania na Kenya zinaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya mapenzi ya watu wazima haiwezi kupita mlango huo hata ingekuwa nzuri vipi. Kukataliwa kwa sababu hiyo si hukumu juu ya kipaji chako. Majibu huchukua miezi. Ikipita mitatu, andika kwa adabu kuulizia.

Ukipewa mkataba, macho yako yaende kwenye mrabaha. Tuseme kitabu kinauzwa Sh10,000 na duka linapewa punguzo la asilimia 35. Mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya jalada ni Sh1,000 kwa nakala. Asilimia 10 hiyo hiyo ya fedha zinazomfikia mchapishaji ni Sh650. Kwa nakala 2,000 ni tofauti ya Sh700,000, na yote imefichwa kwenye maneno mawili matatu ya kifungu kimoja. Angalia pia kama unapewa taarifa ya mauzo kila mwaka, kama haki za tafsiri, filamu na sauti zimetajwa kando kando, na kama haki zinakurudia kitabu kikiisha sokoni bila kuchapwa tena. Mchapishaji mwaminifu hakasiriki ukimuuliza.

Anayeamua kujichapishia mwenyewe asione haya, mradi ajue kwamba kazi zote za mchapishaji sasa ni zake: mhariri alipwe, msanifu alipwe, na mtu mwingine asome prufu, yaani kurasa zilizopangwa kabla ya kupigwa chapa. Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, huiomba kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, au kwa KNLS, maktaba ya taifa, akiwa Kenya. Ina tarakimu 13 zinazoanza na 978. Zinazofuata zikiwa 9976 au 9987 kitabu ni cha Tanzania, 9966 ni cha Kenya. Kitabu pepe kinahitaji namba yake. Mitambo mikubwa hukunja karatasi moja ikawa kurasa 16, kwa hiyo kurasa 144 ni mikunjo tisa kamili, na ukurasa wa 145 unaweza kukulazimisha kulipia mkunjo mwingine ambao karibu wote utabaki mweupe. Punguza aya mbili. Ukingo wa ndani uwe wa sentimita 2, vinginevyo maneno yatamezwa na uti wa kitabu. Omba nakala moja ya mfano, ifungue mpaka ilale bapa, uone kama gundi inaachia. Kisha anza na nakala 50 au 100 kwa mtambo wa dijitali. Ni kweli bei ya kila nakala itakuwa juu, lakini makosa utakayoyagundua, na utayagundua, yatakuwa kwenye nakala 100 na siyo 1,000 zilizojaa chini ya kitanda.

Wanaouza hadithi kwa vipande kwenye WhatsApp, Sh1,000 upate mwendelezo, tunawaheshimu. Wamejifunza kumaliza kila kipande msomaji akiwa roho juu, na wanajua siku ile ile aya gani imewachosha watu. Ila vipande 80 vikiunganishwa haviwi riwaya. Muhtasari wa yaliyopita ulio mwanzoni mwa kila kipande uondolewe, na vile vishindo vya kila mwisho vipunguzwe hadi vile vya lazima, kwa sababu anayesoma kitabu kwa mfululizo huchoka kushtuliwa kila baada ya kurasa tatu.

Mashindano nayo ni mlango. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957/58, na hadithi za upelelezi kwa Kiswahili zikapata njia. Leo ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno: idadi ya maneno, aina ya faili, na kama jina la mwandishi linaruhusiwa kuonekana ndani ya muswada. Kazi huondolewa mashindanoni kwa jina lililosahaulika juu ya kila ukurasa, kabla jaji hajasoma sentensi ya kwanza.

Na hapa tunarudi kwako, Mhariri. Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji wake nafasi ya mashairi, na kwa miongo mingi magazeti ya Kiswahili yamekuwa shule ya malenga: mtu anatoa hoja kwa beti, mwenzake wa mkoa mwingine anamjibu, na aliyekosea vina anaambiwa hadharani. Tunakuomba nusu ukurasa kwa wiki. Ichapwe kazi ya mwandishi chipukizi mmoja isiyozidi maneno 500, au beti nane, na pembeni yake masahihisho yenye sababu: hapa neno limezidi, hapa mizani imepungua, hapa mhusika ametenda jambo asilokuwa na sababu ya kulitenda. Msomaji mwenye daftari lake kijijini, asiyemjua mhariri wala mwandishi yeyote, atajisahihisha kwa kutazama.

Sisi tuko tayari kuzisahihisha kazi hizo bila malipo kwa miezi sita ya mwanzo. Zile ambazo hazitapata nafasi ya kuchapwa tutazirudisha kwa wenyewe kupitia ofisi yako, zikiwa na alama zetu kwenye kila ukurasa.

Ni sisi,
Wahariri wa miswada ya Kiswahili,
Dar es Salaam